Maji ya mtaro Nairobi: yanayosemwa na yaliyo kweli

Masika yakianza Nairobi, kila matatu huwa na mhandisi wake. Mmoja analaumu kaunti, mwingine wanaotupa taka, wa tatu anasema ni mpango wa Mungu. Katika mabishano hayo kuna mambo hurudiwa hadi yakaonekana kweli.

"Maji ya mtaroni huenda kusafishwa Ruai."

Hii ndiyo dhana mama. Jiji lina njia mbili tofauti. Bomba la maji taka hupokea maji ya choo na jikoni, likayapeleka kwenye mitambo ya kusafisha kama ile ya Ruai na Kariobangi. Mtaro wa barabarani hauna habari na huko. Huishia kwenye mto ulio karibu, uwe Nairobi, Ngong au Mathare, bila chujio wala dawa. Oili iliyomwagwa nje ya gereji, sabuni ya kuoshea magari, mchanga wa mjengo: vyote hufika mtoni jinsi vilivyo. Wala safari haiishii mtaa wa Dandora, mashariki ya jiji. Mto Nairobi huingia Athi, Athi ikaitwa Galana na baadaye Sabaki, ikamwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Mvuvi wa kule hajui gereji yako, lakini yuko njiani.

"Mvua kubwa husafisha mto."

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo chafu kuliko zote. Huzoa kwa mara moja vumbi, oili, unga wa magurudumu na kinyesi vilivyorundikana kwa wiki kadhaa. Mto ukijaa baadaye, uchafu haujaisha, umehamia kwa wengine.

"Mafuriko ni kosa la wanaotupa karatasi za plastiki."

Nusu ya ukweli, na nusu hiyo inawafaa sana wenye majumba. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, lakini Aprili 2024 mitaa ya mabanda ya Mathare na Mukuru ilifurika hadi watu wakafa. Taka huziba kalvati, sikatai. Lakini tazama jiji lilivyolala: upande wa magharibi uko juu, mashariki chini, na sehemu kubwa ya mashariki na kusini ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao ukilowa huvimba na kukataa kupitisha maji. Huko juu nako, bustani zimegeuzwa maegesho ya kabro, yale matofali ya kusakafia. Maji yaliyokuwa yakizama ardhini sasa hutelemka yote kwa pamoja, yakakuta ukingo wa mto umejengwa. Kanuni hutaka nafasi ya kati ya mita 6 na 30 iachwe wazi kando ya mto, na si mabanda pekee yaliyoivunja. Tangi chini ya mlizamu na ukanda wa nyasi mbele ya nyumba husaidia kuliko hotuba, hasa vikiwekwa na walio juu.

"Si vibaya kuelekeza maji ya paa kwenye bomba la maji taka."

Ni vibaya sana. Bomba hilo halikupimwa kwa ajili ya mvua. Likijaa, kifuniko cha shimo huinuka na choo cha mtaa mzima kikamwagika barabarani, kisha mtaroni, kisha mtoni. Wapo pia wanaofungua kifuniko wenyewe ili ua ukauke. Ua hukauka kweli, ila mchanga ulioingia huziba bomba, na jirani wa chini ndiye anayeamkia uvundo mlangoni.

"Maji ya mto yakichemshwa huwa salama."

Kuchemsha huua vijidudu. Hakuondoi madini ya risasi wala metali nyingine nzito, na sukuma wiki iliyomwagiliwa maji hayo ikazinyonya kwa mizizi haioshwi ikatakata. Maji ya mfereji, kwa bahati nzuri, hayatoki humo. Sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a.

"Mitaro yote ni ya kaunti."

Ya barabara kuu iko chini ya KeNHA, mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu, ya baadhi ya barabara za mjini chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, iliyobaki ndiyo ya kaunti. Yeyote atakayekuja kuzibua, mwambie aubebe ule udongo aliouchimbua. Mara nyingi huachwa ukingoni, na mvua ya jioni hiyo hiyo huurudisha ndani.