Je, wajua kwa nini anayeomba fedha za kutafiti maumivu huulizwa kwanza atayapimaje?

Mtafiti wa malaria anapotaka kumthibitishia mfadhili kwamba dawa yake inafanya kazi, huchukua tone la damu kidoleni mwa mgonjwa, hulipaka kwenye kioo, hulitia rangi na kuliweka chini ya hadubini. Mtaalamu wa maabara huhesabu vimelea kimoja kimoja huku akihesabu pia chembe nyeupe za damu mpaka zitimie 200, na hesabu hiyo ndiyo ushahidi. Mtafiti wa maumivu hana kioo cha kupaka wala kimelea cha kuhesabu. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na wataalamu wa leo hawakuwapinga. Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, kilichoanzishwa mwaka 1973, kiliporekebisha mwaka 2020 maelezo yake ya maana ya maumivu, kilisisitiza kwamba maumivu ni jambo analolipitia mtu mwenyewe, mwilini na moyoni, na kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe.

Kauli ya mgonjwa, basi, ndiyo kipimo. Mfadhili anayeombwa atoe mamilioni kwa ajili ya dawa mpya hana budi kuuliza mtafiti atajuaje kwamba maumivu yamepungua, kwamba yamepungua kwa sababu ya dawa na si kwa sababu nyingine, na kwamba upungufu huo una maana kwa mgonjwa. Andiko la mradi linaweza kuwa na bajeti safi na orodha ndefu ya maprofesa, lakini likiyumba kwenye swali hilo halifiki mbali.

Kabla ya hapo kuna tatizo la kujua mlango wa kubisha. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zijulikanazo kwa kifupi NIH, ndizo mfadhili mkubwa zaidi wa umma wa utafiti wa tiba duniani. Zina taasisi na vituo 27, vingi vyavyo kila kimoja na ugonjwa wake au kiungo chake: saratani, moyo na mapafu na damu, macho, meno, mishipa ya fahamu. Hakuna hata kimoja cha maumivu peke yake. Tangu mwaka 1996 kuna jopo la kuziunganisha katika suala hilo, lakini fedha bado hutoka kwenye vyumba mbalimbali, kiasi kwamba anayetafiti maumivu ya selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita sikoseli, huelekea kwenye moyo, mapafu na damu, na anayetafiti maumivu ya viungo vilivyovimba huelekea kwenye mifupa na misuli. Maumivu ni kama mgeni anayelala kila siku nyumba nyingine. Hata katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, maumivu sugu yalipata nafasi yao wenyewe, yakihesabiwa kama tatizo na si dalili tu ya kitu kingine, katika toleo la 11 lililoanza kutumika Januari 2022.

Mwombaji anapaswa pia kusoma kwa nini fedha fulani zimetengwa. Mwaka 2018 NIH zilizindua mpango mkubwa wa utafiti wa maumivu na uraibu baada ya Bunge la Marekani kuongeza dola milioni 500, na chanzo chake kilikuwa vifo vya watu waliozidisha dawa za jamii ya afyuni, kama mofini. Nia, kwa hiyo, ilikuwa kutafuta njia za kutuliza maumivu zisizoleta uraibu. Kwetu tatizo limesimama kichwa chini: ripoti ya Tume ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba kati ya tani 298.5 za dawa za aina hiyo, zikipimwa kwa uzito wa mofini, zinazosambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini hupata tani 0.1 tu. Uganda, ambako daktari Anne Merriman na shirika lake la kuhudumia wagonjwa mahututi, Hospice Africa Uganda, walianza kutoa mofini ya kunywa mwaka 1993, na ambako sheria iliwaruhusu mwaka 2004 wauguzi waliofunzwa wawaandikie wagonjwa dawa hiyo, ni mfano wa nchi iliyohangaikia upatikanaji wa dawa. Mwombaji wa Kampala au Mwanza anayejibu mwito ulioandikwa kwa hofu ya wingi wa mofini, huku wagonjwa wake wakiikosa kabisa, anatakiwa aeleze wazi jinsi tatizo lake linavyogusana na lile la mfadhili. Asipofanya hivyo ataambiwa kwa adabu kwamba andiko lake ni zuri ila limekuja mahali pasipo pake.

Turudi kwenye kipimo, kwa maana hapo ndipo kazi yenyewe ilipo, na selimundu ni mfano mzuri. Chembe nyekundu za damu hujikunja kama mundu, huziba mishipa midogo, na mgonjwa hupatwa na mashambulizi ya maumivu makali ya mifupa, kifua au tumbo. Katika jaribio maarufu la dawa ya haidroksiyurea lililofanyika Marekani na Kanada kwa watu wazima 299, na matokeo yake kutangazwa mwaka 1995, watafiti hawakupima maumivu kwa kuuliza tu kama yanauma. Walihesabu mashambulizi, na shambulizi, kwa sehemu kubwa, lilimaanisha mgonjwa kufika kwenye kituo cha tiba, kukaa zaidi ya saa nne na kupewa dawa kali ya maumivu, kwa kawaida ya sindano. Waliopewa haidroksiyurea walipata mashambulizi 2.5 kwa mwaka na wenzao wasioipewa 4.5, kwa kiwango cha mgonjwa wa katikati, yaani anayeangukia katikati wote wakipangwa kwa idadi ya mashambulizi yao. Hesabu hiyo ni safi, na wapitiaji wa maandiko, yaani wataalamu wanaoyapima kwa niaba ya mfadhili, huipenda.

Sasa mtafiti wa kwetu ainakili kama ilivyo, aone. Mtoto wa kijijini Tanga akishikwa na maumivu usiku, mama yake humkanda kwa maji ya moto, humpa parasetamo, na asubuhi husubiri kwanza aone. Huenda wasifike kituoni kamwe, na wakifika huenda sindano ya mofini isiwepo. Kwa kigezo cha jaribio la 1995, mtoto huyo hakuumwa. Ndiyo sababu andiko la mazingira yetu huhitaji daftari la nyumbani, simu ya kila wiki, au mhudumu wa afya ya jamii anayepita mlango kwa mlango, na kila kimoja kati ya hivyo kina mshahara, nauli na vocha ndani ya bajeti.

Kwamba jambo hili linawezekana Afrika limeshaonekana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa fedha za NIH, uliwapa haidroksiyurea watoto 606, na matukio ya maumivu yakashuka kutoka 98.3 hadi 44.6 kwa kila watoto 100 wakifuatiliwa kwa mwaka. Muhimbili nako, programu ya selimundu iliyoanzishwa na daktari Julie Makani mwaka 2004 kwa ufadhili wa shirika la Uingereza la Wellcome Trust imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa miaka mingi. Kwa mwombaji, kumbukumbu za ufuatiliaji wa namna hiyo ni mtaji, kwa sababu anaweza kuandika kwamba wagonjwa wa kliniki yake hupatwa na mashambulizi mangapi kwa mwaka badala ya kuazima takwimu za Chicago.

Palipo na maumivu yasiyo ya mashambulizi, kama vile mgongo unaouma kila siku, hapana budi kuuliza. Kipimo cha kawaida ni namba kutoka 0 hadi 10, sifuri ikiwa hakuna maumivu na kumi ikiwa maumivu makali kupita yote yanayofikirika. Kinaonekana chepesi mpaka kifike kwenye Kiswahili. Swali “unaumwa kiasi gani?” ni baya, kwa sababu kuumwa kwetu ni kuhisi maumivu na pia ni kuwa mgonjwa, hivyo anayejibu “saba” huenda anazungumzia homa, kukosa usingizi na udhaifu vyote kwa pamoja. Ukikimbilia neno uchungu umeingia kwenye leba na kwenye msiba. Kisha kuna kujikaza: mwanamume aliyelelewa kuambiwa asilie jandoni atasema “tatu” huku jasho likimtoka.

Mwanasaikolojia wa Kanada Ronald Melzack aliliona tatizo la maneno alipotoa mwaka 1975 hojaji yake yenye maneno 78 ya kueleza maumivu, yakiwa katika makundi 20. Maneno hayo hayatafsiriki moja kwa moja, lakini Kiswahili kina yake: kichwa huwanga, kidonda hufukuta, tumbo husokota, jino hudunda, mshipa huvuta, kifua huchoma. (Kuwanga pia ni kazi ya wachawi wa usiku, jambo ambalo mfasiri wa hojaji asilisahau.) Kutengeneza hojaji inayoaminika maana yake ni kutafsiri, kumpa mtu mwingine airudishe kwenye lugha ya kwanza bila kuona asili yake, kulinganisha, kisha kukaa na wagonjwa kumi au ishirini na kuwauliza kila swali wamelielewaje. Naona kosa kubwa la waombaji wengi ni kuiandika kazi hii kwa sentensi moja, “hojaji itatafsiriwa kwa Kiswahili”, bila kuitengea shilingi wala mwezi. Pengine ni rahisi zaidi kutumia mkono, kama inavyofanyika katika huduma za tiba shufaa, yaani za kupunguza mateso ya wagonjwa wa maradhi mazito, barani Afrika: ngumi iliyofumbwa ni hakuna maumivu, vidole vitano vilivyonyooshwa ni maumivu yasiyovumilika. Bibi asiyejua kusoma hunyoosha vidole vitatu, na hakuna cha kutafsiri.

Kipimo kikishachaguliwa, ndicho kinachoamua fedha kiasi gani ziombwe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2001 uliolinganisha namba za wagonjwa wa maumivu sugu na maoni yao wenyewe ulionyesha kwamba mgonjwa huona amepata nafuu ya kweli pale alama zinaposhuka kwa takriban 2 kati ya 10, au asilimia 30. Tuchukue mfano wa kubuni: alama za wagonjwa hutofautiana kwa kiasi cha 2.5 juu na chini ya wastani. Kwa kanuni ya haraka ya wanatakwimu, kutambua tofauti ya alama 2 kati ya makundi mawili huhitaji watu 25 katika kila kundi. Kutambua tofauti ya alama 1 huhitaji watu 100 katika kila kundi. Tofauti ikipungua nusu, watu huongezeka mara nne. Ukikadiria kwamba mmoja kati ya watano ataacha njiani, mradi wa kwanza unahitaji watu 64 kwa makundi yote mawili na wa pili 250, na kila mmoja ana nauli, vipimo na saa za muuguzi. Anayeandika “wagonjwa 60” kwa sababu ndio anaoweza kuwamudu, huku akitarajia tofauti ya alama 1, wapitiaji watamkamata kwenye mstari huo huo.

Halafu kuna plasibo, kidonge kisicho na dawa. Maumivu hupungua kwa matumaini, na pia hupungua yenyewe kwa kuwa watu huja hospitali siku wanapozidiwa, kwa hiyo kundi la kulinganisha ni la lazima. Lakini huwezi kumwacha mtu mwenye saratani ya mfupa na kidonge kitupu. Andiko hueleza kwamba wote wanaendelea na dawa zao za kawaida, na kwamba kuna dawa ya akiba atakayepewa yeyote akizidiwa. Kiasi cha dawa ya akiba kilichotumika nacho huwa kipimo, tena kizuri, kwa sababu vidonge vinahesabika.

Vibali huchukua muda. Tanzania kibali cha maadili cha kitaifa hutolewa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na jaribio la dawa hupitia pia Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Kenya leseni ya utafiti hutolewa na Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, NACOSTI. Utafiti wa mofini una kamba ya ziada, kwani chini ya mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961 kila nchi hutoa makadirio ya mahitaji yake kwa mwaka, na dozi za mradi zisipokadiriwa mapema zinaweza kukosekana.

Andiko lenyewe, kwa utaratibu wa ruzuku ya kawaida ya NIH, lina ukurasa mmoja wa malengo na kurasa 12 za mkakati wa utafiti, na mwombaji rasmi ni taasisi, si mtu. Kwa kawaida wapitiaji watatu hulisoma kwa kina na kulipa alama kuanzia 1, ambayo ndiyo bora, hadi 9. Sehemu kubwa ya maandiko, yale ya chini, hayajadiliwi kabisa kikaoni. Mwandishi hupata maoni ya maandishi tu. Kutoka siku ya kutuma hadi siku ya kuanza mradi hupita miezi kama tisa, kwa waliobahatika. Aliyekataliwa anaweza kurudisha andiko mara moja ndani ya miezi 37, akitanguliza ukurasa mmoja wa kuwajibu wapitiaji, na kwa waombaji wa maumivu ukurasa huo aghalabu hujaa mambo mawili: kwa nini kipimo hiki na si kile, na idadi ya washiriki ilitoka wapi.