Sungura Hunywa Maji

Hapa Tabora bado wapo wengi wanaoamini kwamba sungura hanywi maji, na kwamba akinyweshwa huharisha na kufa. Imani hiyo si sahihi, na inaniuma kuona mnyama akiteseka kwa kiu kwa sababu yake. Sungura wa kufugwa huhitaji takribani mililita 50 hadi 150 za maji kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na anayelishwa majani makavu huhitaji zaidi, kwa kuwa chakula kisipopata maji hukwama tumboni, naye huacha kula. Kinachomharisha mara nyingi ni kubadilishiwa chakula ghafla au uchafu wa chombo.

Mwezi wa Oktoba, jua linapochoma, sungura aliyeokolewa akiwa amenyimwa maji hutambulika kwa kinyesi chake: vidonge vichache, vidogo, vikavu. Anaposubiri makazi mapya, mwekee maji safi katika bakuli zito la udongo, kisha keti chini kando yake bila kumgusa. Akishazoea kunywa ukiwa karibu, atakuja mwenyewe kunusa vidole vyako. Usimwinue kwa masikio, kwani humwumiza na kumrudishia woga.