Sera, sharti, sheria ndogo au nauli? Kurekebisha kanuni za teksi za halmashauri nchini Uingereza

Rasimu nyingi za kanuni mpya za teksi kutoka halmashauri za England zina kasoro ileile. Umri wa gari, mavazi ya dereva, nauli, ada na kamera vyote humwagwa kwenye waraka mmoja unaoitwa "sera", kisha kamati ya leseni inapiga kura mara moja na kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Kila kipengele kina kifungu kinachokibeba na utaratibu wake wa kubadilishwa, na ukikosea utaratibu, dereva wa kwanza mwenye wakili mzuri atakiangusha mahakamani.

Kwa sehemu kubwa ya England nje ya London, sheria ni mbili. Teksi zinaendeshwa kwa Sheria ya 1847 (Town Police Clauses Act), ya enzi za magari ya farasi, ndiyo maana mpaka leo vitabu vya sheria vinaziita "hackney carriage". Magari ya kukodi kwa oda, yaani yale yasiyoruhusiwa kukaa kijiweni wala kusimamishwa na abiria barabarani, yako chini ya Sheria ya 1976 (Local Government (Miscellaneous Provisions) Act). Hayo yanahitaji leseni tatu: ya dereva, ya gari na ya mwendeshaji anayepokea oda, na zote tatu lazima zitoke kwa mamlaka moja.

Mtego mkubwa uko kwa dereva wa teksi. Sheria ya 1976 inaruhusu halmashauri kuweka masharti kwenye leseni ya gari la teksi (kifungu cha 47), ya gari la oda (48), ya dereva wa gari la oda (51) na ya mwendeshaji (55). Dereva wa teksi hayumo. Kwa hiyo ukiandika "masharti ya leseni kwa madereva wote" na kutaja mavazi, lugha kwa abiria na vitu vilivyosahaulika garini, madereva wako wa teksi hawabanwi na sharti hilo. Mwenendo wao unadhibitiwa kwa sheria ndogo chini ya kifungu cha 68 cha Sheria ya 1847, na sheria ndogo haina nguvu mpaka tangazo litoke gazetini angalau mwezi mmoja kabla ya kuombewa idhini, na waziri aithibitishe. Ni safari ndefu, ndiyo maana halmashauri nyingi bado zinatumia sheria ndogo zilizochakaa. Njia ya kati ni kuandika kanuni za maadili ndani ya sera, na kueleza kwamba atakayezikiuka atapimwa upya kama bado anafaa kushika leseni. Hiyo inaruhusiwa, ila usiiite sharti.

Ada na nauli nazo zina njia zake. Ada ya leseni ya dereva iko kifungu cha 53 cha Sheria ya 1976 na haihitaji tangazo. Ada ya gari na ya mwendeshaji iko kifungu cha 70: ikizidi pauni 25 (kiwango kilichowekwa enzi nyingine kabisa) lazima itangazwe kwenye gazeti la eneo na watu wapewe angalau siku 28 za kupinga. Gharama nazo zisichanganywe. Katika kesi ya halmashauri ya Wakefield, mwaka 2019, Mahakama ya Rufani ilisema gharama za kusimamia mwenendo wa madereva zinaweza kuingia kwenye ada ya dereva, lakini haziwezi kubebeshwa ada ya gari. Nauli za teksi ziko kifungu cha 65, na siku za kupinga ni angalau 14. Nauli za magari ya oda halmashauri haina mamlaka nazo hata kidogo, kwa hiyo zifute kwenye rasimu.

Kwa maudhui, anzia viwango vya kitaifa vya Julai 2020. Halmashauri inatakiwa kuvizingatia, na ikikengeuka iwe na sababu iliyoandikwa. Vinataka ukaguzi wa rekodi za jinai wa kiwango cha juu kila miezi 6 na sera ipitiwe upya kila miaka 5. Pia vinatoa miaka ya kusubiri baada ya kumaliza adhabu: 10 kwa makosa ya ukatili au kuuza dawa za kulevya, 7 kwa udanganyifu, kumiliki silaha au kuendesha ukiwa umelewa, 5 kwa kupatikana na dawa za kulevya. Makosa ya ngono au ya kuwatumikisha watu hufunga mlango moja kwa moja. Hesabu ianze siku adhabu inapokwisha. Rasimu zinazohesabu tangu siku ya hukumu humpa mfungwa wa miaka 6 nafuu ambayo hakuna aliyekusudia kumpa.

Kwenye magari, ukomo wa umri ndio unaoleta kelele zaidi. Mwongozo wa serikali wa Novemba 2023 unashauri usiwekwe. Lenga moshi, usalama na nafasi ya kiti cha magurudumu. Nakubaliana nao, kwani umri hauonyeshi gari limetunzwaje. Ukitaka magari ya zamani yakaguliwe mara nyingi zaidi, kumbuka kifungu cha 50 cha Sheria ya 1976 kinaruhusu ukaguzi usiozidi mara 3 ndani ya miezi 12. Kamera za lazima zinawezekana zikiwa na sababu inayotetewa kwa ushahidi wa eneo lenyewe, lakini halmashauri ya Southampton, iliyotaka kurekodi sauti muda wote, ilishindwa mbele ya baraza la rufaa la masuala ya taarifa mwaka 2013. Weka kitufe cha sauti kinachobonyezwa pale tu hali inapoharibika.

Kilichobaki ni tarehe. Sharti huwekwa leseni inapotolewa au kuhuishwa. Huwezi kulipachika katikati. Leseni ya gari haizidi mwaka 1, ya dereva kwa kawaida ni miaka 3, ya mwendeshaji miaka 5. Ukiandika "kuanzia 1 Aprili" bila kifungu cha mpito, mwendeshaji aliyehuisha 31 Machi ataendelea na masharti ya zamani karibu miaka 5, na hana kosa lolote. Kwa hiyo kila kipengele kipewe safu mbili kwenye jedwali la rasimu: lini kinaanza kwa mwombaji mpya, na lini kwa aliyekwisha kuwa na leseni.