Mayai ya kuvuruga ya Kusini mwa India: acheni kuyamwagia bizari ya pakti

Jamani. Wiki hii tena mwanafunzi wangu wa upishi kaniletea picha ya mayai yamekuwa rangi ya matope, ananiuliza mwalimu mbona hayana ile ladha na mimi nimetia bizari ya mchuzi vijiko viwili vizima? Swali hili nimelijibu mpaka sauti imekauka, sasa naandika.

DHANA: Ladha ya Kihindi ni bizari ya mchuzi, unaikoroga na mayai kwenye bakuli basi.

Hapana, hapana, hapana. Haya mayai, Tamil Nadu, jimbo la Kusini mwa India, wanayaita muttai podimas, muttai ni yai, na mapishi ya kawaida ya nyumbani wala hayahitaji bizari ya pakti. Kuna wanaoamini kabisa kwamba ile bizari ni majani ya kari yaliyosagwa. Majani ya kari, yaani karipata, ni ya mti wa ukoo mmoja na ndimu, bizari ya pakti ni giligilani, bizari nyembamba, manjano, uwatu na vinginevyo, mara nyingi hata jani moja la kari halimo.

Ladha inatoka kwenye mafuta. Harufu ya viungo hivi inakubali mafuta kuliko maji, na yai bichi robo tatu yake ni maji, kwa hiyo ukimwaga unga humo unapata unga mbichi unaokwaruza koo. Anza na kikaango kikavu na mafuta vijiko viwili vya chakula, jimbo jirani la Kerala wanapenda ya nazi, Tamil Nadu ya ufuta. Tupia punje moja ya haradali, ikiruka ndo umwage nusu kijiko cha chai, na utasikia pa pa pa, yale ni maji kidogo yaliyomo ndani ya punje yanageuka mvuke na kupasua ganda. Zisipopasuka zinabaki chungu. Mlio ukianza kupungua tia majani ya kari kumi hivi, uwe umeyafuta maji vizuri maana mafuta yatakurukia mpaka usoni, mfuniko shika mkononi. Jani litang'aa kijani, litakakamaa, na harufu itajaa jikoni. Usisubiri liwe jeusi! Hapo hapo vitunguu, pilipili mbichi, tangawizi, chumvi, vitunguu vikilainika manjano robo kijiko cha chai, isizidi, ikizidi inaleta uchungu na harufu ya dawa. Mayai manne yanaingia mwisho kabisa. Mpangilio huo ndo mapishi yenyewe, ukiubadilisha umepika kitu kingine.

DHANA: Lazima maziwa ili yawe laini.
Nani kasema podimas inatakiwa iwe kama uji? Inatakiwa iwe chembechembe, kavu kiasi, kila chembe imeshika kitunguu. Moto wa wastani, acha yai lianze kushika kwanza ndo uvunjevunje na mwiko. Ukitaka ulaini epua mapema kidogo, lile joto la kikaango litamalizia.

DHANA: Yasipowasha sio ya Kusini.
Pilipili mbili zinatosha mayai manne, na mtoto mtengee kabla hujatia. Mimi napenda pilipili manga iliyotwangwa muda huo huo juu ya mayai, Kerala ndo kwao pilipili manga na inamwacha mlaji asikie karipata.

DHANA: Wahindi hawali mayai.
Wapo wasiokula, wengi tu. Lakini Namakkal, iliyoko Tamil Nadu, inajulikana India nzima kwa ufugaji wa kuku wa mayai, na watoto wa shule za serikali za jimbo hilo wanapewa yai kwenye chakula cha mchana.

DHANA: Karipata kavu ni sawa na mbichi.
Nusu saa nimepoteza juzi kubishana na mtu kuhusu hili. Jani likikauka harufu karibu yote imekwenda, unabaki na karatasi. Ukipata fungu bichi sokoni osha, kausha, weka friza kwenye mfuko, yatakaa wiki kadhaa na unayatupia kwenye mafuta yakiwa na barafu imepukutwa, tena kwa uangalifu. Kwa wa pwani nawaambia pandeni kabisa, mti unapenda jua na joto letu, wangu uko kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 mlangoni kwa jikoni, nachuma asubuhi mafuta yakiwa tayari yanapata moto.