Uvimbe mbele ya moyo: damu kwanza, sindano baadaye

Uvimbe ukionekana nyuma ya mfupa wa kidari, mbele ya moyo, daktari wa kwetu huwaza kifua kikuu au limfoma (saratani ya chembe za kinga). Ni sawa, vipo vingi. Ila hapo ndipo ilipo tezi ya thaimasi, na saratani zake, hasa thaimoma, hazitaki pupa ya sindano ya kuchukua kinyama cha kupima.

Muulize mgonjwa: kope hulegea jioni? Huona vitu viwiliviwili? Taya huchoka kabla hajamaliza kula? Hizo ni dalili za miasthenia gravisi, ugonjwa wa kinga unaolegeza misuli, unaowapata takriban theluthi moja ya wenye thaimoma. Hata asiye na dalili apimwe kingamwili dhidi ya vipokezi vya asetilikolini (kemikali inayoamrisha misuli) kabla ya upasuaji. Ugonjwa huu usipojulikana mapema, mgonjwa anaweza kushindwa kupumua mwenyewe baada ya dawa ya usingizi.

Katika damu hiyohiyo pima AFP, beta-hCG na LDH, vitu ambavyo baadhi ya uvimbe huvipandisha katika damu. AFP ikipanda sana kwa kijana wa kiume, fikiria uvimbe wa seli za uzazi. Huo huanza kutibiwa kwa kemotherapi, si kwa kisu. Anemia yenye retikulosaiti (chembe nyekundu changa) chache mno nayo huelekeza kwenye thaimoma.

CT ya kifua (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) ifanywe kwa dawa ya mshipani ya kung'arisha picha. Tazama kama uvimbe umeshika mishipa mikubwa au utando wa moyo, kisha fuata utando wa mapafu mpaka kwenye kiwambo, msuli ulio chini ya mapafu, kwa kuwa vinundu vya thaimoma hupenda kudondokea huko.

Uvimbe ukionekana wazi kuwa thaimoma inayotoleka yote, mpasuaji autoe mzima bila kuutoboa, seli zisije zikamwagika. Kinyama kichukuliwe pale tu hautoleki au limfoma inashukiwa: kwa sindano nene, kando ya kidari, bila kupita kwenye utando wa mapafu. Prednisoloni, dawa ya steroidi, isitangulie pasipo dharura. Huyeyusha limfoma na kuvuruga jibu.

Maabara ndiko kwenye mtego mkubwa. Thaimoma ya aina B1 imejaa limfosaiti T (chembe za kinga) changa zenye TdT, alama ya uchanga wake, hivyo kinyama kidogo husomwa kirahisi kuwa limfoma ya limfoblasti T, saratani ya chembe hizo changa. Rangi ya keratini, protini ya seli za epithelia, hufichua mtandao wa seli hizo, ambazo ndizo za thaimoma yenyewe, zilizojificha kati ya limfosaiti. Seli hizo za epithelia zikiwa na alama za CD5 na CD117, mashaka yahamie kwenye kasinoma ya thaimasi, saratani kali kuliko thaimoma. Kwa hiyo fomu ya maabara isiandikwe “uvimbe wa kifua” tu: taja umri, dalili za misuli, AFP, picha ya CT, na kama mgonjwa ameshameza steroidi.