Nyangumi wa Antaktiki hawakuuawa kwa chusa cha mkono

Ukitaja filamu ya wawindaji wa nyangumi, wengi huona mashua ya makasia na mtu aliyesimama kwenye omo, chusa mkononi. Lakini Hell Below Zero, filamu ya mwigizaji Alan Ladd ya mwaka 1954 kuhusu uwindaji wa nyangumi huko Antaktiki, inahusu zama nyingine kabisa.

Kwa nyangumi buluu, mashua ile isingefua dafu. Mnyama huyu ana mbio, na akifa kwa kawaida huzama. Mambo yaligeuka Svend Foyn wa Norwei alipounda, miaka ya 1860, chusa chenye bomu kinachofyatuliwa kwa mzinga kutoka meli ya mvuke. Mzoga ulijazwa hewa ili uelee. Mwaka 1925 ikaja meli Lancing, yenye mteremko kwenye tezi, yaani nyuma ya meli: mzoga ulivutwa hadi sitahani, ukakatwa na kuchemshwa humohumo baharini. Kilikuwa kiwanda kinachoelea! Mafuta yalitengenezewa majarini na sabuni huko Ulaya.

Msimu wa 1930–31 pekee waliuawa nyangumi buluu zaidi ya 29,000. Inaniuma kila nikiikumbuka idadi hiyo, maana picha ya shujaa na mkuki wake huifuta kabisa.