Jumla ya mvua haimwagilii kitunguu

Wiki hii tena: "Mtaalamu, mwaka huu mvua ni nyingi, mbona bado unasema tufungulie maji?" Swali limetoka Mang'ola, bonde la Ziwa Eyasi. Lingeweza kutoka Same. Hata wenye ofisi huniuliza, tena na jedwali la mvua mkononi.

Haya. Udongo tifutifu hushika kama milimita 150 za maji kwa kila mita ya kina. Mizizi ya kitunguu ikifika sentimita 30, ghala lake ni milimita 45. Nazo si zote: zikishatumika asilimia 30 hivi, yaani milimita 13 au 14, kitunguu kinaanza kuumia. ETo (maji ambayo jua na hewa hunyonya kwa siku kwenye nyasi za kipimo) ikiwa milimita 6 na Kc (kizidishio cha zao husika) inakaribia 1, siku ya tatu umemaliza. Sasa mvua ya milimita 80 ishuke usiku mmoja: hata udongo ungekuwa mkavu kabisa, ungeshika 45 tu. Zilizobaki ziko korongoni au zimezama chini, na mbolea yako zimeondoka nayo. Siku ya nne unagombania zamu ya mfereji kama jirani ambaye hakunyeshewa.

Na fomula ya mvua faafu (sehemu ya mvua ambayo mmea unaweza kuitumia) ambayo wengi wetu tunaitumia ni ya mwezi mzima, tena imetokana na data za Marekani. Kwake mvua nane za milimita 10 na moja ya 80 ni kitu kimoja! Naitumia kwa sababu data za kila siku mara nyingi hazipo, si kwa sababu naiamini.

Kuhusu joto, nitasema kifupi. Ndiyo, kila nyuzi moja huongeza uwezo wa hewa kubeba mvuke kwa takriban asilimia 7, na hivyo kiu yake ya maji ya shamba. Lakini joto hilohilo hukomaza mmea mapema, kwa hiyo mahitaji ya maji ya msimu mzima yanaweza yasipande sana. Upepo mkavu wa alasiri ndio unaonitia wasiwasi, na vituo vingi havipimi upepo.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mwaka wa mvua nzuri watu huongeza ekari. Mvua ikikatika wiki mbili, kila ekari inadai lita 24,000 kwa siku, kabla hujahesabu zinazovuja njiani, na wote wanazitaka siku moja. Mfereji ni uleule wa mwaka wa ukame.